Wimbo Uliovuka Kamba

Jumatatu, 10 Julai 1995

Michembe ya viazi vitamu nimeianika juu ya mwamba tangu asubuhi. Kuku wa jirani yangu Nkamba wameshajua njia. Nimewafukuza mpaka mkono umechoka, wanarudi wananiangalia kama mgeni ni mimi.

Pamba ya mwisho bado iko ndani. Imejaa chumba cha binti yangu Limi hadi dirishani, analala juu yake. Baba Limi anasema tusubiri ushirika ufungue ghala, ndio tunaowajua. Limi anasema wanunuzi binafsi wameshatundika mizani mnadani, tuuze. Baba yake akasema mtu asiyejulikana kwao hapewi pamba. Limi akasema, hata wewe baba ulipokuja kumwoa mayu, yaani mama, kule Lalago hukujulikana kwao. Nikacheka. Sikutakiwa kucheka.

Daftari hili ni la Limi la Jiografia. Alimaliza kidato cha nne akaliacha na kurasa tupu nyuma. Siwezi kuona ukurasa mtupu nikaukalia kimya. Mwalimu wetu wa kisomo alituambia tuandike kidogo kidogo kila mara, vinginevyo mkono utasahau. Mimi sijafika darasa lolote zaidi ya kisomo. Kwa hiyo naandika.

Jumamosi, 15 Julai

Limi kapata kibarua kwa mnunuzi binafsi. Anakaa mezani karibu na mizani, anaandika majina. Nina wasiwasi. Jua kali, wanaume wengi, na yeye anajibu kila anayemsemesha. Nimempa khanga ya kujifunika kichwa. Kaikunja akaikalia.

Jioni alikuwa na furaha. Karani wa ushirika na karani wa huyo mnunuzi wametundika mizani mkabala, mmoja huku, mmoja kule. Anasema zamani ukipunjwa unanung'unika unaenda nyumbani. Sasa ukiona mshale unayumba unabeba pamba yako unavuka barabara. Zikiwa mizani mbili, mayu, kila mmoja anapima kwa adabu.

Nikaona ni maneno mazuri. Nikadhani ni habari ya pamba.

Jumapili, 23 Julai

Miguu inaniuma, nimesimama tangu adhuhuri. Leo ilikuwa ngoma kubwa uwanja wa mnada, makundi yetu mawili ya ngoma yakishindana, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, kamba ya katani katikati. Wanaanza pamoja, wanapiga pamoja. Watu wanatembea huku na huku, na mwisho upande wenye watu wengi ndio ulioshinda.

Mimi kwetu ni Bagika. Baba Limi ni Mgalu wa kuzaliwa, na ujana wake alikuwa ningi, yaani mtunzi na mwimbishaji. Leo wamemwomba aimbe ule wake wa zamani. Kavaa kofia ya manyoya imeliwa na nondo upande mmoja. Ni wimbo wa ng'ombe mwenye baka jeupe usoni, aliyekataa kuswagwa kwenda mnadani, akalala katikati ya njia, fimbo zikaisha, wenye fimbo wakachoka. Kwa Kisukuma ni mtamu. Kwa Kiswahili nikiuandika unakuwa kama taarifa ya bwana mifugo.

Wimbo huo ndio alionifuatia Lalago. Nilikuwa upande wa pili wa kamba nikimzomea. Nikavuka nimwone vizuri. Ndivyo nilivyoolewa.

Leo nimemzomea tena kama kawaida. Ameniita mke wa mkopo kutoka Bagika. Njiani nikamwambia Bagalu walivuma kama nyuki wa kwenye chupa. Akasema Bagika hata nyuki hawakuwa nao. Limi katikati anatumenyea karanga, mkono huu anampa baba, mkono huu ananipa mimi.

Siku nzuri.

Jumatano, 16 Agosti

Limi kasema wakati wa kula. Hakungoja hata baba yake ameze. Amejiunga na chama kipya. Wapinzani.

Baba Limi ni balozi wa nyumba kumi wa Chama tangu huyu mtoto hajaota meno. Akanawa mikono. Tonge lake likabaki kwenye sahani lina alama za vidole.

Sijui niandike nini. Neno lenyewe linaniogopesha. Upinzani. Kwetu mtoto mpinzani ni yule unamwambia chota maji anakaa chini.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimezunguka kutafuta alikolitoa neno hilo.

Kwanza kwa mwalimu wake wa siasa, aliyehamia hapa jirani. Mwangaluka, mwalimu, nikamsalimu. Akaniitikia vizuri, akanipa kiti. Anasema yeye alifundisha kilichokuwa kwenye kitabu, na Limi alikuwa analala.

Halafu dukani kwa Salumu. Redio yake haizimwi. Nikamwambia, Salumu, hiyo redio yako imeniharibia mtoto. Akasema, mama Limi, redio hii nasikiliza mimi toka asubuhi hadi nafunga duka, mbona mimi sijaharibika? Nikamwambia wewe uliharibika zamani. Akacheka, akanifungia dagaa wa Nassa, kaongeza kidogo juu.

Basi itakuwa ni mizani. Zile mizani mbili. Nilizisifu mwenyewe.

Naogopa. Siogopi chama kipya, sikijui. Naogopa nyumba yangu. Baba Limi akinyamaza huwa ananyamaza kama jiwe la kusagia, na Limi ni baba yake mtupu.

Na mimi moyo wangu uko na Chama. Ndicho kilichonishikisha kalamu. Nilikaa chini ya paa la ghala la pamba na wanawake wenzangu, na Limi mgongoni, tukachora a, e, i, o, u. Nikikisema vibaya kwa kalamu hii hii najisikia kama namsengenya mwalimu.

Alhamisi, 31 Agosti

Kampeni zimeanza. Magari yanapita na vumbi na vipaza sauti, mbuzi wa Nkamba wamekimbia hadi mtoni.

Baba na mtoto wanasalimiana. Basi. Asubuhi salamu, jioni salamu. Maneno yote mengine yanapitia kwangu. Mwambie baba jembe limelegea mpini. Mwambie huyo mwanao mpini uko nyuma ya zizi. Wamekaa hatua chache, nami katikati kama simu ya posta.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimefanya kosa. Naandika upesi, ugali uko jikoni.

Leo mikutano miwili siku moja, sijui nani alipanga. Chama uwanja wa shule, wapinzani uwanja wa mnada. Barabara tu katikati. Nilikaa mbele kabisa kwa Chama, karibu na Baba Limi, nimevaa khanga mpya. Mgombea anaongea. Mara upepo ukageuka nikasikia sauti ya Limi kutoka ng'ambo. Nikasikia na tuni.

Nikasimama nikavuka barabara.

Sikufikiri kitu. Ngoma zikiwa mbili mtu anavuka, anaangalia, anarudi. Wengi walivuka. Wazee, vijana, wanawake na watoto mgongoni, huku na huku, kama siku ile ya Julai. Hakuna aliyeona ubaya. Kwetu uwanja ndivyo unavyotembelewa.

Limi yuko juu ya gari la ng'ombe, kipaza sauti mkononi. Anaimba wimbo wa baba yake. Ule ule wa baka jeupe. Kabadilisha neno moja tu. Pale penye ng'ombe kaweka mkulima. Mkulima kakataa kuswagwa, kalala njiani, fimbo zimeisha. Uwanja mzima unaitikia.

Kaimba vizuri. Ng'wanawane, mwanangu, kaimba vizuri. Nikapiga vigelegele. Vilitoka vyenyewe.

Nilipogeuka nikaona watu wa Chama barabarani wananitazama. Mke wa balozi na khanga mpya, mdomo wazi.

Baba Limi hakuwa anawatazama wao wala mimi. Alikuwa amesimama pembeni ya barabara, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

Jumatatu, 11 Septemba

Katibu wa Chama wa kata kaja na baiskeli. Nimempa maziwa ya mgando, kaacha nusu. Anasema ndugu balozi, binti mpinzani tungeweza kusema ni ujana. Na mama naye? Nimejaribu kumweleza kwamba nilivuka kuangalia tu, kama ngomani. Akaniuliza, ngoma gani, mama? Si mtu wa huku. 

Kamwita Baba Limi kikaoni, tarehe ya mbele, ajieleze. La sivyo ubalozi wataangalia.

Katibu alipoondoka, Baba Limi akanena, mara ya kwanza kwa Limi moja kwa moja zaidi ya salamu tangu Agosti. Pamba ikiisha kuuzwa, utaenda Lalago kwa mjomba wako ukakae huko.

Hakusema kwa siku ngapi.

Jumanne, 12 Septemba

Nimemsubiri zizini. Nikamwambia, Baba Limi, mtoto mwenyewe ni huyu mmoja Mungu alituachia, unamfukuza kwa ajili ya kadi?

Akasema kadi achukue hata kumi. Nimekuwa balozi, najua kadi ni karatasi.

Nikamuuliza sasa ni nini.

Akakamua weee. Kisha akasema, wimbo ni wangu. Wimbo wa Bagalu. Ukitungwa upande huu unaimbwa upande huu. Umevuka kamba. Hakuniomba.

Alikuwa anaumia kweli. Sikujua nimshike bega au nimcheke. Nikamshikia ndama.

Alhamisi, 21 Septemba

Shehena ya kwanza ya pamba imebebwa, magunia ya chumbani kwa Limi yamepungua, kitanda kinaonekana. Limi kaanza kupanga nguo kwenye mfuko. Anazikunja vizuri mno. Limi hajawahi kukunja nguo.

Nimemwambia aombe radhi. Anasema mayu, radhi ya nini, nimsifie baba kwa watu wote wale kisha niombe radhi? Anaona amemheshimu. Baba yake anaona ameibiwa. Na mimi nawaona wote wawili wana haki. Hilo ndilo linanimaliza.

Jumapili, 24 Septemba

Hawasemezani. Nimeunguza maharage.

Jumanne, 3 Oktoba

Kikao kimekuwa leo. Wanawake hatukuitwa ila Nkamba alikuwa anauza vitumbua nje ya dirisha, kasikia kila kitu, kaja mbio hata beseni hajatua.

Anasema katibu alimuuliza mbele ya wote, ndugu balozi, utaongozaje nyumba kumi na yako imekushinda?

Baba Limi akasimama. Akasema mke wangu ni Mgika. Nimelala naye nyumba moja miaka yote hii, sijawahi kuimba akaacha kunizomea. Tulikubaliana hivyo tangu Lalago. Leo mnataka nimwambie ashangilie upande wangu peke yake, nitaanzia wapi?

Wazee wakacheka. Nkamba anasema mmoja alicheka hadi kofia ikadondoka. Katibu hakucheka. Akasema tunaongea siasa hapa, si ngoma. Akamtaka aseme wazi, binti atanyamaza au hatanyamaza?

Baba Limi akasema yeye hawezi kumnyamazisha mtu anayeimba vizuri namna ile.

Nkamba kaapa kwamba ndivyo alivyosema. Nimemrudisha arudie. Ndivyo alivyosema.

Basi wamemwondoa. Ubalozi kapewa mume wa Nkamba. Nkamba akaniambia hilo la mwisho kwa sauti ndogo, anaangalia vitumbua vyake. Nikamwambia afadhali ni ninyi, kuku wenu tayari wanakaa kwangu. Akalia kidogo. Mimi sikulia hadi alipoondoka.

Jumatano, 4 Oktoba

Asubuhi Limi katoka na mfuko wake. Kavaa viatu. Anasema anakwenda Lalago leo, hangoji pamba. Yeye akiwa mbali labda watamrudishia baba ubalozi wake. Hakulala, macho yamevimba. Hajasema kwamba amekosea. Amesema tu kwamba hakutaka iwe kwa gharama ya baba.

Nikaita, Baba Limi, njoo.  Mwanzo ni baba aliyetaka aende, sasa ni mtoto. Nikawaza nyumba hii sasa imekwisha.

Akaja na jembe begani. Akamwangalia Limi, akauangalia mfuko. Akasema, unakwenda wapi na wimbo wangu umeupinda mwisho?

Limi akasema, upi?

Pale fimbo zinapoisha, akasema. Wewe unapanda juu. Haupandi. Unashuka. Ng'ombe amelala chini, sauti itapanda kwenda wapi? Watu wa Bagalu kule wamenicheka tangu mkutano ule, wanasema binti wa ningi hajui kumalizia. Siwezi kukuacha ukatembee nao hivyo hadi Lalago, kwa kina mama yako, Bagika watupu.

Limi alisimama na mfuko. Kisha akauliza, unashuka vipi?

Akasema, vua viatu kwanza.

Nimeingia jikoni. Nimelilia kwenye moshi, mtu akiuliza ni moshi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Wanaongea. Wanagombana kwa kweli, lakini wanaongea. Jana jioni ni mizani. Baba Limi anasema mizani mbili zote zaweza kuwa na mawe ya uongo. Limi anasema ndiyo, lakini itabidi wapatane kwanza, na watu wawili wanaogombania pamba moja hawapatani upesi. Baba Limi akasema Chama kilijenga shule uliyosomea. Limi akasema ndiyo baba, na ndimo nilimojifunza kuuliza. Hakuna aliyenawa mikono. Sahani imelambwa.

Watu hawamwiti tena balozi. Anapopita wengine wanajisahau wanaita, halafu wananyamaza. Inamuuma, najua. Ile bendera ya Chama ya mbele ya nyumba wamekuja kuichukua. Mlingoti kaung'oa mwenyewe, kauweka kwenye zizi kuwa lango.

Tulipokuwa tunachambua nsansa, majani ya kunde, nimemuuliza Limi sasa aniambie kweli. Haya mambo uliyatoa wapi? Ni mizani? Ni mwalimu? Ni redio ya Salumu?

Akanishangaa. Akasema, mayu, nimelelewa na Mgika na Mgalu. Tangu naanza kutembea nawasikia mkizomeana njia nzima, mkifika mnakula chungu kimoja. Nilidhani nchi nzima iko hivyo. Nilipokua nikaona nchi ina upande mmoja tu wa kamba, nikaona kuna kitu hakijakaa sawa.

Nimekaa na jani la kunde mkononi.

Kumbe ni hapa. Nimezunguka kijiji kizima nikitafuta, nikamsingizia hata Salumu.

Jumapili, 29 Oktoba

Mvua ya kwanza imenukia tu, haijanyesha.

Tumekwenda kupiga kura sote watatu. Baba Limi mbele anakokota baiskeli, hakutaka kuipanda atuache. Limi kavaa khanga niliyompa siku zile za mizani, leo kichwani. Njiani kamwambia baba yake, leo wewe ni wa mkopo. Akasema subiri tuone nani atavuma kama nyuki wa kwenye chupa. Nikawaacha.

Foleni ndefu. Mume wa Nkamba, balozi mpya, alikuwa anapanga watu. Alipomfikia Baba Limi akampa mkono, akauweka na mkono wa pili juu. Mwadeela, balozi, akamsalimu. Akajisahau, au hakujisahau.

Mimi nilikaa kule ndani na kalamu. Ni mara ya kwanza mtu ananipa kalamu, ananifungia pazia, na haniambii niandike nini. Nilikumbuka ghala la pamba. Nilimkumbuka Limi mgongoni. Msimamizi akakohoa nje, nikatia alama yangu.

Niliyemchagua sitaandika hata humu. Limi anazijua kurasa tupu za daftari lake. Baba Limi hakuniuliza. Limi alitaka kuuliza, baba yake akamkanyaga mguu.

Sasa ni jioni, namenya karanga mlangoni. Za mbegu ungoni, za kula sahanini. Wao wako zizini, Limi anakamua, baba kashika ndama. Wanaimba ule wimbo. Yeye anasema ng'ombe, Limi anasema mkulima, kila mmoja anakaza lake, hakuna anayeacha. Wakafika pale fimbo zinapoisha. Limi akashuka vizuri. Baba yake akashuka naye.

Mfuko wa Limi umetundikwa ukutani, una mbegu za choroko ndani.

Sahani imejaa. Nawapelekea.